Kisu cha mfukoni, chuma kipya na njia mpya za kukifungua: maswali ya kila siku

Nanoa visu Mji Mkongwe, si mbali na Darajani, na kwetu hasa ni Wete, Pemba. Maswali haya yanarudi kibandani kila wiki. Huletwa na wavuvi, wachuma karafuu, wauza machungwa, na vijana walioona kisu kwenye simu wakataka kujua kama kitafaa huku. Karibu wote huanza kwa kuniuliza kisu gani kinafunguka vizuri. Mimi huanza na chumvi, kwa sababu huku chumvi ndiyo inayochagua kisu kabla ya mwenyewe.

## Mwanzo mwanzo

Kisu cha jadi cha mfukoni ni kipi hasa?

Ni kile ambacho ubapa wake unajikunja ndani ya mpini na kushikwa na springi ya mgongoni. Hakina loki, yaani kizuizi cha kuubana ubapa usirudi ukishafunguka. Ukikifungua, springi inaukaza ubapa. Ukiusukuma kwa nguvu kutoka mgongoni, unajifunga. Ubavuni mwa ubapa pana mfereji mdogo wa kutia ukucha, na hapo ndipo unapovutia. Kile cha Uswisi chekundu chenye msalaba, ambacho wengi wetu tulikijua kwa wajomba waliokuwa mabaharia, ni cha ukoo huu. Karl Elsener alikisajili mwaka 1897.

Wapo ndugu wasio na springi. Opinel ya Ufaransa, iliyoanzwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, ubapa wake unabanwa na mti wa mpini tu. Tangu 1955 imeongezwa pete ya chuma shingoni, unaizungusha ubapa usijifunge. Higonokami ya Japani, inayofuliwa mji wa Miki, haina springi wala pete. Ina mkia mdogo wa chuma unaotokeza nje, na dole gumba likikalia mkia huo ubapa hauendi popote.

Jambia si kisu chetu cha jadi?

Ni cha jadi, lakini hakikunjwi na hakiingii mfukoni. Kina ala yake, na mahali pake ni kiunoni siku ya shughuli. Ukurasa huu hauhusiki nacho.

"Chuma cha kisasa" maana yake nini? Kwani cha zamani si chuma?

Wazee walisema feleji, na feleji ilikuwa chuma kizuri kweli: chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali. Visu vingi vya jadi bado vinafuliwa hivyo. Chuma kiitwacho 1095, kwa mfano, kina kaboni kama asilimia 0.95 na karibu hakina kitu kingine. Kinanoleka upesi, kinapata vizuri, na kinashika kutu ukikitazama tu.

Hatua ya pili ni kutia kromiamu. Harry Brearley wa Sheffield ndiye anayetajwa zaidi kwa chuma kisichoshika kutu, mwaka 1913. Hatua ya tatu ndiyo watu wanayoiita ya kisasa, nayo ni chuma cha unga. Chuma cha kawaida kikipoa taratibu, chembe ngumu ndani yake hujikusanya kama madonge kwenye uji uliokorogwa vibaya. Siku hizi chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa unga, kisha unga hushindiliwa kwa moto na shinikizo kubwa. Madonge hayapati nafasi ya kukua. M390 ya Böhler, Austria, ni ya namna hii, ina kromiamu asilimia 20 na vanadiamu 4. MagnaCut, iliyobuniwa na Larrin Thomas na kutoka mwaka 2021, pia ni ya unga.

Kwa hiyo umbo linaweza kuwa la babu na chuma kikawa cha jana. LionSteel wa Maniago, Italia, wanatengeneza visu vya springi vya umbo la kale kabisa kwa M390. Huko Maniago visu ni kazi ya karne na karne, si mtindo.

## Chuma na chumvi

Nimeambiwa kisu changu ni stenlesi, mbona kimeota kutu?

Kwa sababu stenlesi ni ahadi yenye masharti. Kromiamu inatengeneza utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo ndio unaozuia kutu. Chumvi ya bahari inautoboa. Ukikaa Nungwi au Mkoani, upepo peke yake unaleta chumvi hadi kabatini.

Jambo la pili ni kwamba si kromiamu yote iliyoandikwa inafanya kazi hiyo. Sehemu yake hufungwa na kaboni kutengeneza chembe ngumu, na iliyofungwa hailindi. Chuma kiitwacho D2 kina kromiamu kama asilimia 12, lakini kaboni yake ni nyingi, asilimia moja na nusu, kwa hiyo inapata madoa ambayo chuma cha 14C28N chenye kromiamu 14 na kaboni kidogo hakipati.

Jambo la tatu ndilo ninaloliona zaidi: kutu haianzi kwenye makali, inaanza ndani, kwenye bawaba na springi, pasipofika kitambaa. Mtu ananiletea kisu kinang'aa kama kioo, nikikifungua kwa bisbisi ndani mna unga mwekundu. Namna ya kukitunza nimeiandika chini, kwenye matunzo.

Basi ninunue chuma gani?

Ukiwa chomboni au ufukweni kila siku, tafuta chuma kilichopunguzwa kaboni na kutiwa naitrojeni. H1 ya Japani ina kaboni asilimia 0.15 tu, na baharini inakaa bila kutu kabisa. LC200N nayo ni hivyo hivyo, na inashika makali zaidi kidogo. Spyderco, kampuni ya visu ya Marekani, wana safu nzima ya visu iitwayo Salt kwa kazi hii. Si visu vya sura ya babu, lakini bahari haijali sura.

Ukiwa mjini au shamba, 14C28N au nduguye 12C27, zote stenlesi, zinatosha na bei yake haiumi. MagnaCut ndiyo ningeichukua mimi kama pesa si tatizo, maana kromiamu yake karibu yote iko huru kulinda chuma na bado inashika makali muda mrefu. M390 ni nzuri, ila soma kwanza jibu la kunoa.

Kisu cha kaboni kinunue ukikipenda na ukiwa mtu wa kufuta. Mimi ninacho, na nakifuta hata nikiwa katikati ya maneno na mtu.

Chuma kigumu zaidi si ndicho bora?

Ugumu unapimwa kwa kipimo cha Rockwell. Kile chekundu cha Uswisi kiko 55 au 56. Cha M390 huwa 60 hadi 62. Kigumu kinakaa na makali wiki nyingi. Lakini ukikitumia kama tindo, kufungua kopo la rangi au kubandua kome, ncha inakatika, wakati kile laini kingepinda tu ukakinyoosha. Wanaoniletea visu vya bei kubwa vilivyovunjika ncha ni wengi kuliko wanaoleta vya bei ndogo.

Mhunzi wetu hawezi kunifulia kisu cha M390?

Mhunzi wetu ana akili ya chuma kuliko wengi wanaoandika habari zake. Springi ya gari anaijua: anaipasha hadi iwe nyekundu na sumaku isiikamate tena, yaani karibu nyuzi 770, anapandisha kidogo, anaizamisha kwenye mafuta, kisha anairudishia moto mdogo isiwe kama kioo. Kisu kizuri kinatoka.

M390 haitaki hivyo. Inataka zaidi ya nyuzi 1100, kwa dakika zinazohesabika, kwenye tanuri la umeme, na hewa isiiguse. Kwenye makaa utaiharibu na hutaona kwa macho. Sura itakuwa ile ile, makali hayatakaa. Kama unataka kisu cha kufuliwa hapa, mwachie achague chuma mwenyewe.

Nitajuaje kama maandishi kwenye ubapa ni ya kweli?

Kwa uhakika kamili, maabara tu. Kibandani nafanya mawili. Tone la ndimu kwenye ubapa kwa nusu saa: chuma cha kaboni kinaacha doa la kijivu, stenlesi haiachi. Kisha tupa, mahali pasipoonekana: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimepikwa vizuri, ikiuma, ni laini, hata kiandikwe nini. Kisu cha bei ya chapati mbili kilichoandikwa M390 hakihitaji ndimu wala tupa.

## Kufungua

Ziko njia gani, na majina yake tuyaiteje?

Majina ya Kiswahili yaliyokubaliwa hayapo, kwa hiyo nayaita kwa vinavyofanana navyo.

Ya kale ni *mfereji wa ukucha*. Mikono miwili, kucha nzima, mkono mkavu. Bibi harusi aliyetiwa hina jana hatakifungua, na mvuvi mwenye vidole vilivyolowa naye hatakifungua. Nduguye ni *nusu mwezi*: mpini umekatwa kipande ili vidole viwili viushike ubapa wenyewe. Rahisi, na hakiharibu sura ya kisu. Ningependa visu vyote vya springi viwe hivi.

*Mkia* ni ule wa Higonokami niliousema juu. Visu vya wakulima wa Piemonte, Italia, vina kitu kama hicho. Watu wanadhani ni uvumbuzi mpya, kumbe ni wa zamani kuliko springi za viwandani.

*Tundu* ni la Spyderco, tangu 1981: ubapa umetobolewa duara, dole gumba linaingia na kuuzungusha. Kisu kinafunguka kwa mkono mmoja, wa kulia au wa kushoto, umelowa au umevaa glavu. Kasoro yake ni umbo. Tundu linataka ubapa mpana mgongoni, na kisu kikifungwa kinakuwa na nundu kama ngamia.

*Kijiti* ni kifundo kidogo cha chuma ubavuni mwa ubapa, kwa dole gumba hilo hilo.

Mwisho ni *pezi*. Kisu kikiwa kimefungwa, kipande cha ubapa kinatokeza mgongoni mwa mpini kama pezi la samaki. Unakibonyeza kwa kidole cha shahada, ubapa unaruka nje. Lipo pia pezi la mbele, linalokaa kichwani mwa kisu na kusukumwa kwa dole gumba. Hilo halionekani sana, ndiyo maana wanaopenda sura ya jadi wanalichagua.

Nimenunua kisu cha springi chenye pezi, hakirukii. Kibovu?

Huenda si kibovu. Kwenye kisu cha loki, ubapa uliofungwa unashikwa na gololi ndogo tu. Ukiishinda gololi, njia yote iliyobaki ni tupu. Kwenye kisu cha springi ya mgongoni, springi inaukandamiza ubapa tangu mwanzo hadi mwisho, na vingi vina kituo nusu ya njia, ubapa unasimama wima na kungoja. Pezi linaufikisha hapo, basi. Unaumalizia kwa mkono.

Mafundi wanaotaka pezi na springi pamoja huondoa kile kituo na kuuviringa mzizi wa ubapa ili springi iteleze. Matokeo yake kisu kinafunguka vizuri, na kinajifunga vizuri vile vile, hata usipotaka. Kwa maoni yangu pezi na springi ni ndoa ya kulazimishana. Nusu mwezi ingetosha.

Loki ni lazima?

Kwa kumenya chungwa, la. Kwa kuchoma kwa ncha au kutoboa ngozi, ndiyo. Wazee waliotumia visu vya springi maisha yao yote hawakupoteza vidole, kwa sababu walikata kwa kuvuta tu, hawakuchoma.

Mimi mashoto. Kipo cha kunifaa?

Mfereji wa ukucha aghlabu uko upande mmoja tu, wa mkono wa kulia. Nusu mwezi, tundu, mkia na pezi havina upande. Angalia loki: ile ya bati linalosukumwa kando hutengenezwa kwa wa mkono wa kulia. Springi ya mgongoni haina ubaguzi.

Na kile kinachofyatuka kwa kubonyeza kitufe?

Hicho si kisu cha jadi wala sikinoi. Nchi nyingi zinakibana: Marekani ina sheria yake ya mwaka 1958, Uingereza ya 1959. Mbali na sheria, ni mtambo wenye springi nyembamba na chemba iliyofungwa, mahali ambapo chumvi inakaa raha mustarehe.

## Kazi za hapa kwetu

Kisu cha kukunja kinafaa kusafishia samaki?

Hapana. Damu, magamba na mafuta yanaingia kwenye bawaba na hayatoki. Siku ya tatu utakijua kwa harufu kabla hujakiona. Samaki wa chakula tumia kisu cha jikoni, kisichokunjwa.

Mfukoni chukua kisu cha kukunja kwa mshipi, chambo na kamba. Na chagua ubapa usio na ncha kali, mgongo ukateremka kama kwato la kondoo. Mabaharia wa zamani walibeba hivyo, kwa kuwa chombo kikiyumba huku umeshika kisu, ncha haichagui pa kuingia.

Kwa msimu wa karafuu?

Karafuu inachumwa kwa mkono, kisu ni cha mengine: kukata ukuti wa pakacha, kukata kamba ya kushushia, kupunguza kijiti. Ukiwa juu ya mkarafuu mkono mmoja uko kwenye tawi, na hapa ndipo tundu linapostahili bei yake. Tia ugwe kwenye kisu ufunge kiunoni. Kikianguka kutoka juu, aliye chini anachambua vikonyo hana kofia ya chuma.

Mpini uwe wa mti au pembe. Mafuta ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki.

Chungwa na embe vinaharibu kisu?

Kisu cha kaboni kitageuka rangi, kijivu chenye buluu, na huo si ubovu. Rangi hiyo ikienea sawasawa inapunguza kutu nyekundu. Wengine huiharakisha kwa siki. Siku za mwanzo tunda lina ladha ya chuma, baadaye inakwisha. Muuza machungwa anayemenya mamia kwa siku achukue stenlesi tu, wateja hawataki hadithi ya rangi.

## Matunzo

Kisu cha M390 hakinoleki! Jiwe langu linateleza.

Hakuna kilichoharibika, ni jiwe. Chembe za vanadiamu ndani ya chuma hicho ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la dukani, kwa hiyo jiwe linakwaruza pembeni tu. Unahitaji kinoo cha almasi. Shika pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande: simamisha kisu wima, kilaze nusu, kilaze nusu tena, punguza kidogo. Usisubiri kiwe butu kabisa; kupitisha mara tano kila wiki mbili ni bora kuliko kutoka jasho mara moja kwa mwaka. Kinolewacho hupata, lakini kwa jiwe lake.

Kama huna almasi na hutaki kununua, usinunue M390. Ndivyo ninavyomwambia kila mtu, na wengine huondoka wamenuna.

Nipake mafuta gani?

Kwanza maji. Kikiguswa na bahari kioshe kwa maji matamu, na usidanganyike na maji ya kisima ya pwani, mengine yana chumvi. Kikaushe kimefunguliwa.

Mafuta ya nazi yanafaa kwenye ubapa unaokata chakula, yafutwe na kurudiwa, maana yakikaa yanachacha na kunata. Usiyatie kwenye bawaba. Huko weka tone la mafuta ya cherehani.

Huulizwa pia kuhusu mafuta ya karafuu, na hapa Wapemba tuna haki ya kujivuna kidogo. Mafuta ya jadi ya kupaka panga za Japani yanaitwa choji, na choji maana yake ni karafuu: ni mafuta mepesi yaliyotiwa mafuta ya karafuu kidogo. Kwa hiyo wazo si geni. Lakini yale yanayokamuliwa kwa makonyo pale Wawi ni makali, yanaunguza ngozi na kula vanishi. Matone mawili kwenye kichupa cha mafuta mepesi yanatosha.

Mpini wa mti umevimba, kisu hakifunguki.

Ni masika. Mti usiokuwa wa huku ukinywa unyevu unaubana ubapa. Mimi niliwahi kukaa na kisu kama hicho tangu Machi hadi Juni nikikifungua kwa koleo, nikidhani nimeuziwa kibovu. Kiweke pakavu siku mbili tatu, si juani. Kisha kipake mafuta ya kitani, ukirudia kila kinapokauka, kabla ya masika ijayo. Ukitaka mpini mpya, mfenesi na msaji vinastahimili vizuri.

Mchanga umeingia, kinasaga.

Kama kimeshikwa kwa ribiti, kizamishe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kifungue na kukifunga humo humo, suuza, kausha, tone la mafuta. Kama kina skrubu za nyota, kinafunguka. Piga picha kila hatua. Ukinunua kipya, uliza bawaba ina nini. Bearingi zinafanya ubapa uteleze kama hariri, lakini zinakusanya mchanga na nyingine zinaota kutu. Washa za shaba hazivutii sana dukani, ila ufukweni ndizo zinazodumu.

## Safari na mambo ya pembeni

Naweza kusafiri nacho?

Kwenye ndege, kiwe ndani ya mzigo unaokabidhi, si mkobani, hata kiwe kidogo kama kidole. Bandarini mizigo inapita kwenye mashine. Kiweke ndani ya begi kimefungwa, na ukiulizwa kitoe mwenyewe mapema. Uwanja wa mpira, mkutano wa siasa na msikitini kiache nyumbani.

Mwenye ndugu Uingereza ajue kwamba huko kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, ndicho pekee kinachobebwa bila kuhitaji sababu. Zawadi ya kisu cha loki inaweza kumtia mjomba matatani.

Nina kisu cha springi cha marehemu babu, ubapa umeliwa na kunolewa umebaki kama sindano. Nitiliwe ubapa mpya wa chuma cha kisasa?

Inawezekana. Ribiti inatobolewa, ubapa wa zamani unakuwa kigezo, mpya unakatwa, unatobolewa, kisha unapikwa, na mzizi wake unapunguzwa kidogo kidogo hadi springi ikubali. Kazi ngumu ni huo mzizi. Chuma kigumu cha unga kikisuguana na springi laini ya zamani, springi ndiyo itakayoliwa. Kwa kisu cha babu ningetia 12C27, wala si M390. Tundu au pezi nisingetia kabisa, mpini haukuachiwa nafasi hiyo.

Na ubapa wa zamani omba urudishiwe. Mzee mmoja kutoka Chake alinipa kisu cha babake nikamfungia ubapa mpya, akaufungua, akaufunga, akausifu. Kisha akauliza ule mwembamba uko wapi. Nilikuwa nimeutupa kwenye ndoo ya vyuma. Tuliutafuta mpaka adhana ya alasiri, tukaupata.